Huyu Mujibu wa Sheria Ni Nani?

Jumapili moja tulikuwa tunakula wali na samaki wa nazi, na mimi nilikuwa nimepewa kichwa kama kawaida ya nyumba yangu: minofu huenda kwa wenye sauti, kichwa huja kwa mwenye nyumba. Binti yangu Kwini akainua macho kutoka kwenye simu akauliza kwa upole kabisa:

"Baba, huyu Mujibu wa Sheria ni nani? Na jina langu kalipata wapi?"

Mdogo wake, ambaye tunamwita Bwana Mdogo ingawa ana mwili wa kunizidi, akampokonya simu akasoma kwa sauti. Orodha ya wahitimu wa kidato cha sita wa mwaka 2024 wanaotakiwa kuripoti kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Shule ya Kwini ilikuwepo. Kambi: Mafinga.

Mama Kwini akaweka kijiko chini. Kwa upande wa pili wa meza mama mkwe wangu akaweka kijiko chini pia, lakini yeye kwa furaha. Akasimama, miaka sabini na ushee hiyo, akabana visigino na kupiga saluti mbele ya bakuli la mchuzi.

"Karibu jeshini, kuruta," alisema.

Hapo nikajua sitamaliza kichwa changu.

Wewe mwenzangu ambaye umewahi kuishi na mama mkwe chini ya paa moja hapa Tabata, nivumilie kidogo nikueleze familia, maana bila familia kisa hiki hakina miguu. Mimi na Mama Kwini tuliondoka nchini mwaka 2003, mimi nikienda Leicester kusoma shahada ya pili ya mwaka mmoja. Mwaka huo mmoja ukachukua miaka 19. Kwini alizaliwa hukohuko, Mei 2006, na tulipopata ukaazi wa kudumu akasajiliwa raia wa kule, kwa hiyo mtoto akakua na mataifa mawili mkononi: Uingereza kwa kusajiliwa, Tanzania kwa kurithi. Jina lake la kanisani ni jingine. Kwini lilikuja alipokuwa na miaka minne, alipoanza kutupungia mkono kama Malkia Elizabeth kila tulipomwambia aokote midoli yake.

Mwaka 2022 tulirudi moja kwa moja. Kwini alikuwa amemaliza mitihani yake ya kule ya miaka 16, tukapeleka matokeo Baraza la Mitihani yakalinganishwa, akaingia kidato cha tano kwenye shule ya bweni huko Pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia tu. Wiki ya kwanza alimwambia matroni, "Mimi ni moto," akiwa na maana anasikia joto, na matroni akamwandikia barua ya onyo.

Sasa mama mkwe. Nyuma yake tunamwita Bibi Kwata. Alipita JKT Ruvu mwaka 1971 na hajawahi kutoka. Kwake hakuna kutandika kitanda, kuna kutandika kitanda ili sarafu ikidondoka irukeruke. Anajua kwamba JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 kama wengine wanavyojua siku ya harusi yao, na siku ya harusi yake mwenyewe huwa anaisahau.

Pengine ni kwa sababu mumewe alikuwa wa upande wa pili. Marehemu baba mkwe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu walioandamana na majoho yao hadi Ikulu, Oktoba 1966, kupinga mpango uliowataka wasomi wakae kambini, kisha wafanye kazi ya taifa kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wao karibu 400 akawarudisha makwao. Mzee alikuwa akitusimulia kila Krismasi, na kila Krismasi alikuwa amesimama karibu zaidi na Mwalimu. Mara ya mwisho kabla ya kufariki walikuwa wanagusana mabega. Ndiyo nyumba niliyooa: mume alikataa jeshi kwa maandamano, mke akaliingia kwa nyimbo.

Na mimi je? Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 1994, mwaka ambao serikali iliishiwa fedha za kuendesha mafunzo yale na kuyasimamisha. Yakarudi 2013, mimi nikiwa Leicester naondoa theluji mlangoni. Kusimamishwa kule nilikushangilia kwa miezi miwili, na deni lake nimelilipa kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa sababu siku nilipopelekwa kutambulishwa ukweni Bibi Kwata aliuliza swali moja tu: "Umepita kambi gani?" Nilipojibu kwamba sikupita, aliniita jina ambalo hadi leo ndilo jina langu kwenye nyumba ninayolipia umeme. Ananiita Raia.

"Raia, pitisha chumvi." "Raia, geti halijafungwa." Mgeni akisikia anadhani ni heshima.

Jioni hiyo Mama Kwini aliitisha kikao. Kikao cha nyumbani kwetu maana yake ni kwamba kaka yake, Mjomba Hakimu, anapigiwa simu aje. Mjomba Hakimu hajawahi kuhukumu hata mechi ya watoto. Alisoma sheria mwaka mmoja akaacha, lakini mwaka huo anautumia kwa ubahili sana, haujaisha mpaka leo. Alifika na begi la ngozi ambalo ndani, najua kwa sababu niliona siku moja, mlikuwa na kanga mbili na charger.

"Suala ni jepesi," alisema akijipakulia. "Mtoto ametimiza 18 wiki iliyopita. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haitaki mtu mzima awe na uraia pacha. Lazima achague. Sasa achague Uingereza! Akishakuwa Mwingereza, huyo Mujibu hamuwezi. Uingereza hakuna jeshi la lazima."

Mama Kwini alimtazama kaka yake kama mtu aliyefunuliwa. Mke wangu si mwoga, naomba ieleweke. Ni mwanamke aliyefanya zamu za usiku hospitalini Leicester akiwa na mimba ya miezi minane. Ila kwa Kwini hana mfupa. Huyu mtoto bado anakatiwa maembe.

Bibi Kwata alikohoa. "Hata Uingereza lilikuwepo," alisema. "Kijana wao wa mwisho wa lazima waliruhusu aende kwao 1963. Mwaka huohuo sisi tukaanza. Waliliacha tukaliokota."

"Mama, hiyo ni historia. Mimi naongea sheria," alijibu Mjomba Hakimu.

"Basi tuongee sheria. Akiwa Mwingereza, mkopo wa elimu ya juu atapewa?"

Kimya. Mikopo ile ni ya Watanzania.

"Kuishi hapa?"

"Ataomba kibali cha ukaazi," alisema Mjomba, sauti imeshuka.

"Anakilipia nani?"

Macho yote yakaja kwangu. Hii meza ina desturi zake.

"Na shamba langu la Kibaha," aliendelea Bibi Kwata polepole, kama mtu anayeweka karata ya mwisho, "lile nililosema ni la Kwini. Ardhi ya nchi hii mgeni anamiliki?"

Mjomba Hakimu akafungua begi, akatazama kanga, akalifunga. Wakati huo mgeni alikuwa hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji, na hilo hata wenye mwaka mmoja wa sheria walilijua. Alijaribu tena kwa kusema kwamba Waingereza ni watu wa huruma, kwamba mtu akiukana uraia wao ili abaki na wa nchi nyingine, wanamruhusu kuuomba tena baadaye, mara moja. Mama Kwini akamwuliza yuko upande gani. Nadhani alikuwa amesahau.

Mhusika mwenyewe muda wote alikuwa kwenye kochi, miguu juu, visikizi masikioni. Tulidhani hasikii. Akavitoa.

"Kuna mwimbaji Mkorea," alisema, "Yoo Seung-jun. Alikuwa mkubwa sana. Mwaka 2002 akachukua uraia wa Marekani kabla hajaingia jeshini. Wakamkataza kuingia Korea. Mpaka leo anadai kortini."

Hapa nikupe taarifa, msomaji: binti yangu ni mgonjwa wa muziki wa Kikorea. Chumbani kwake kuna picha za vijana saba wenye ngozi kama maziwa, kundi la BTS, na Bibi Kwata kwa miezi sita alidhani ni wasichana wa shule yake ya Leicester.

"Na huyu," aliendelea akionyesha mmoja kwenye simu, "Jin. Aliingia jeshini Desemba 2022. Wakamnyoa. Miezi 18! Mwezi ujao anatoka. Mimi ni miezi mitatu tu, Mama."

"Hao ni Wakorea," alisema mama yake.

"Na mimi ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Kiswahili chake kikatafuta njia, kikakwama, kikatoka: "Leicester kila Jumapili Baba alisema, hapa si nyumbani, nyumbani ni kule. Miaka yote. Ugali unaiva, nyumbani ni kule. Sasa kule ni hapa. Nyumbani kumeniita kwa jina, tena jina lote, na la babu. Na nyinyi mnatafuta mlango wa nyuma?"

Nilitaka kusema neno la baba. Nilikuwa nalo kabisa, liko kooni. Lakini Bwana Mdogo akauliza kama Kwini akienda yeye anaweza kuhamia chumba chake, na kikao kikavunjika kwa ugomvi wa feni.

Habari ya fomu, kiapo na safari za ofisini nitakuepusha nayo. Itoshe kusema kwamba Kwini alichagua, na kwamba cheti cha kuzaliwa nilichotafuta siku nne, nikimtuhumu kila mtu, kilikuwa ndani ya kitabu changu mwenyewe cha kufuga kuku.

Tukaja kwenye bukta. Wito wa JKT huambatana na orodha ya vitu vya kwenda navyo, na orodha ile haina utani. Shuka mbili za bluu bahari. Fulana ya kijani. Raba. Soksi ndefu nyeusi. Nguo za baridi kwa wanaokwenda kwenye baridi. Nauli ya kwenda na kurudi. Na bukta ya bluu iliyokolea, inayofika magotini, yenye mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu. Nilitumwa Kariakoo. Mke wangu alinisomea orodha mara tatu, nikaitikia mara tatu. Nilirudi na bukta tatu nzuri sana, bei ya kutupa, bluu iliyokolea, zinafika magotini.

Bibi Kwata akazishika moja moja, akaziinua juu kwenye mwanga wa dirisha.

"Raia. Hii ni nini?"

Ilikuwa zipu. Zote tatu. Na mifuko minne minne, kama za fundi bomba. Nikaagizwa nizirudishe, mwenye duka akasema bukta hazirudi, na akaongeza kwamba zinanipendeza. Mama Kwini akaenda mwenyewe kesho yake, akarudi na zinazotakiwa kwa nusu saa. Zangu zikawekwa kabatini. Zikumbuke.

Kosa la pili halikuwa langu, na nalitaja kwa raha. Dada yangu Shangazi Smati alishikilia kwamba mtoto hawezi kwenda mbele za watu kichwa kikiwa hovyo. Akamleta msusi wake. Kwini akasukwa rasta nyembamba kwa saa saba, wanawake wawili wakibadilishana, mimi nikitumwa soda. Bibi Kwata alikaa pembeni akimenya njugu, anatazama, hasemi kitu. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakutuambia kwamba kuruta hunyolewa. Akasema hakuulizwa.

Alfajiri ya safari tulimpeleka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Basi la Iringa. Sisi wote tulikuwa tunamwonya juu ya baridi ya Mafinga, juu ya ukungu wa Juni ule unaofanya Wahehe wavae makoti mawili, na yeye akicheka. "Baba, mimi nimekulia kwenye theluji." Mama yake alilia. Mimi nilisaidia kubeba sanduku, nikaligongesha kwenye kidole cha mtu.

Wiki ya tatu simu ikaingia, namba ngeni. Simu za kule ni za kuazima na za haraka. Mama Kwini akaweka spika.

"Shikamooni! Mama, huku baridi kuliko Leicester!"

"Si uliona theluji wewe?"

"Niliona dirishani! Ndani kulikuwa na hita! Huku hangani hakuna hita, na maji ya kuoga saa kumi usiku, Mama, yanauma kama meno." Akacheka, cheko nene ambalo sikulitambua. "Na jana kombania nzima tumepigwa doso."

Simu ikakatika. Mama Kwini akakaa chini. "Umesikia? Kombania nzima wamepewa dozi. Ni malaria au ni kipindupindu?" Kabla sijajibu alikuwa ameshavaa kanga ya pili na kuelekea duka la dawa. Alirudi na vidonge vya kila aina, chumvichumvi za kuharisha, dawa ya minyoo. Tulikuwa tunafunga kifurushi cha basi, mimi nikiandika anwani kwa mkono unaotetemeka, Bibi Kwata alipoingia sebuleni kuuliza nani anaumwa.

Tukamweleza. Yule bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Doso, alitueleza akifuta machozi, haina dawa. Doso ni adhabu: unabiringika, unarukaruka kichurachura, unatambaa kwenye matope, mpaka afande achoke yeye. Vidonge vile viko kwenye friji hadi leo. Ukija na tumbo, karibu.

Sherehe ya kufunga mafunzo tulikwenda wote, tukiwa tumebanana kwenye gari la Mjomba Hakimu, ambalo pale mlima Kitonga lilichemka tukashuka tukalisukuma huku malori ya Zambia yakitupigia honi za pole. Tulifika uwanja umejaa. Mbele yetu vijana mamia kwa mamia, wamenyoka kama meno ya kitana, vichwa vimenyolewa, sura zote rangi moja ya vumbi na jua. Mama Kwini akatafuta rasta. Hakuna rasta. Akatafuta ule mkono wa Malkia. Hakuna anayepunga. Gwaride lilipovunjwa alikimbia akamkumbatia binti mmoja mrefu, akamlilia shingoni dakika nzima, akambusu, akampa chapati. Binti akapokea yote kwa adabu, akasema, "Ahsante mama, ila mimi natoka Bukoba."

Kwini alikuwa nyuma yetu. Amesimama mguu pande, mikono nyuma, anasubiri tumalize. Alikuwa ameongezeka shingo. "Shikamoo Bibi," alianza na Bibi Kwata, wakapigiana saluti, wakatazamana kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mama mkwe wangu hakuwa na la kusema. Alimshika tu kile kichwa kipara, akakipapasa, akakipapasa tena.

Kisha Kwini akanigeukia mimi. Nilifungua mikono.

"Habari za safari, Raia?"

Nilidhani mambo yangeishia Mafinga. Ndugu yangu, kwa nini huwa tunadhani? Usiku wa kwanza wa kurudi kwake tulilala kwa amani. Saa kumi na nusu alfajiri filimbi ikalia koridoni. Filimbi! Nani alimpa filimbi? Bwana Mdogo alianguka kutoka kwenye kitanda cha dada yake, kile alichokuwa ameshazoea kukiita chake. Jogoo wa jirani alinyamaza kwa mshangao. Mlango wetu ukagongwa.

"Baba, Mama. Dakika tano. Mchakamchaka."

Nikamtazama Mama Kwini nikitarajia msaada, lakini yeye alikuwa tayari anafunga raba, anatabasamu gizani. Mtoto wake amerudi. Angemwambia aruke ukuta angeruka. Nikafungua kabati kutafuta nguo ya mazoezi. Sina nguo ya mazoezi. Kulikuwa na bukta tatu, bluu iliyokolea, zinafika magotini.

Tukatoka kwa mstari mmoja kwenye uchochoro wetu wa Tabata, Kwini mbele akianzisha nyimbo za chenja kwa Kiswahili ambacho sasa hakikwami popote, Bwana Mdogo akiitikia huku amefumba macho, Mama Kwini akiitikia kuliko wote. Mama Ntilie wa kona, anayewasha mkaa saa hizo, akauliza kama nyumba yetu imeungua. Mimi nilikuwa wa mwisho, mkono mmoja kiunoni, kwa sababu zipu ya Kariakoo ilikuwa imefunguka kufika nyumba ya tatu na haikukubali kurudi.

Barazani Bibi Kwata alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake na kikombe cha chai ya tangawizi, anapiga mguu chini kuhesabu.

"Kushoto! Kulia! Kushoto! Raia, huo ni wa kulia."